Nembo, Ukoo na Kitabu: Vitabu vya Nembo vya Uingereza na Kumbukumbu za Koo za Masasi na Newala

1. Utangulizi

Neno nembo lina maana mbili katika Kiswahili, na zote mbili zinatuhusu katika makala haya. Maana ya kwanza ni chale zinazochanjwa katika ngozi ya mtu, hasa usoni, ziwe pambo lake na tena alama ya watu wake. Maana ya pili ni alama rasmi ya taifa, mji au chuo. Nembo ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ni ya aina hii: ngao yenye mwenge, mkuki, shoka na jembe, iliyosimama juu ya Kilimanjaro, ikishikwa na mwanamume na mwanamke, na chini yake maneno Uhuru na Umoja. Mzee wa Newala akilisikia neno hili hukumbuka uso wa bibi yake. Karani wa serikali akilisikia hukumbuka kichwa cha barua.

Tunakusudia kuziweka maana hizi mbili pamoja na kuuliza swali moja la historia: ni nani mwenye mamlaka ya kutamka kwamba mtu fulani ni wa ukoo fulani, na hutokea nini mamlaka hayo yanapohama kutoka kinywani mwa wazee na kuingia kitabuni? Tutaanza mbali, katika Uingereza ya karne ya 16 na ya 17, ambako maafisa wa mfalme waliandika vitabu vingi vya nembo za koo. Kisha tutarudi katika uwanda wa juu wa Makonde na nchi iliyo chini yake, yaani Newala na Masasi, ambako Waingereza wa karne ya 19 walikuja na vitabu vya namna nyingine. Safari hii ina sababu yake. Watu waliojenga misheni ya Masasi mwaka 1876 walitoka katika kanisa la nchi ile ile iliyokuwa na vitabu vile, nao walikuja pamoja na watu ambao koo zao zilikuwa zimekatwa na biashara ya utumwa. Pande hizi mbili za historia zinasomeka vizuri zaidi zikisomwa pamoja.

2. Vitabu vya nembo vya Uingereza

Katika Ulaya ya zama za kati askari mpanda farasi alivaa chuma, hata uso wake usionekane. Alama ikachorwa katika ngao yake ili wenzake wamtambue vitani. Alama hiyo ilirithiwa na mwanawe, naye akamwachia mwanawe, mpaka ikawa mali ya ukoo kama vile shamba. Ikachorwa katika vioo vya madirisha ya makanisa, ikachongwa makaburini, ikatiwa katika mihuri na vyombo vya fedha. Palipo na mali pana ugomvi, na palipo na ugomvi hutakiwa mwamuzi. Mwaka 1484 Mfalme Richard III aliwapa maafisa wa nembo hati ya kuwa chombo kimoja, ndicho College of Arms cha London, ambacho kipo hata leo.

Mwaka 1530 Mfalme Henry VIII alimwagiza Thomas Benolt, mwenye cheo kilichoitwa Clarenceux na mamlaka juu ya sehemu ya kusini ya nchi, azunguke akakague nembo za watu. Tangu hapo ziara za ukaguzi zilifanyika wilaya kwa wilaya, kwa kawaida mara moja katika kila kizazi, hadi zilipokoma karibu na mwaka 1688. Afisa alifika wilayani, akawaita wakuu wa nyumba waje mbele yake na ushahidi wao: hati za ardhi, mihuri ya babu zao, habari za makaburi. Aliyeridhisha aliandikwa. Ngao yake ilichorwa katika ukurasa, na nasaba yake ikateremka kwa mistari kutoka kwa babu hata kwa mjukuu. Mara nyingi afisa hakuwa na nafasi ya kupaka rangi. Alichora kwa wino mweusi tu, na ndani ya kila sehemu ya ngao akatia herufi ndogo kuonyesha kama ni dhahabu, fedha, nyekundu, buluu au nyeusi. Ndiyo sababu kurasa nyingi za vitabu hivi humwonyesha msomaji ngao zisizo na rangi, zilizojaa herufi.

Vitabu vya asili vilibaki mikononi mwa College of Arms. Hata hivyo nakala zake zilisambaa sana, kwa maana wachoraji wa nembo na wapenzi wa nasaba walizinakili, na baadhi yao waliongeza majina ambayo afisa hakuyaandika kamwe. Nakala nyingi za namna hii zimo katika mkusanyo wa Harley, ulionunuliwa kwa ajili ya British Museum mwaka 1753 na ambao sasa uko katika British Library. Mwanahistoria anayezitumia hana budi kupima kila ukurasa: hili liliandikwa na afisa, na hili liliongezwa baadaye na mtu aliyetaka babu mzuri zaidi.

Kulikuwa na orodha ya pili pia. Mtu aliyetumia nembo bila haki alitakiwa aikane kwa maandishi, na jina lake lilitangazwa hadharani mjini kwamba si mwungwana. Afisa alikuwa na mamlaka ya kuifuta nembo ya namna hiyo popote alipoikuta, hata katika kioo au kaburi. Tunatumia neno mwungwana kwa makusudi. Katika miji ya pwani yetu, mwungwana alikuwa mtu mwenye nasaba inayojulikana, asiye mtumwa wala mgeni asiyejulikana atokako. Mwingereza wa karne ya 16 angaliuelewa upesi mgawanyo huo. Tofauti ni kwamba pwani yetu uungwana ulishuhudiwa na majirani na jamaa, na huko Uingereza ulikuwa umeanza kushuhudiwa na ofisi.

Mfano mmoja unatosha. Mwaka 1596 John Shakespeare wa Stratford, aliyekuwa mshona glavu, alikubaliwa kuwa na nembo: ngao ya dhahabu yenye ukanda mweusi wa mshazari, na juu ya ukanda mkuki. Mwanawe ndiye William, ambaye wasomaji wetu wengi walimjua kwa Kiswahili kupitia tafsiri mbili za Mwalimu Nyerere, ile ya Juliasi Kaizari na ile ya Mabepari wa Venisi. Mwaka 1602 Ralph Brooke, afisa mmoja wa nembo, aliwashutumu wenzake kwamba wamewapa nembo watu duni, na jina la Shakespeare lilikuwa miongoni mwa aliyoyataja. Ubora wa tamthilia haukuwamo katika shauri hilo. Swali lilikuwa moja: je, ukoo wa mwigizaji waweza kuingia kitabuni?

Wanawake walikuwamo katika vitabu hivi, lakini kwa kiasi. Ngao ilipita kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Binti alichorewa alama ya baba yake katika umbo la msambamba, si katika ngao ya vita, na alama hiyo haikupita kwa watoto wake isipokuwa hakuwa na ndugu wa kiume. Hapo ndipo ngao ya baba yake ilipoungwa na ile ya mume wake, ili isipotee. Tulikumbuke jambo hili, maana tutakapofika Newala tutakuta mambo yamegeuka.

3. Mtu aliyefungwa kamba

Katika nembo za karne ya 16 kuna moja ambayo msomaji wa Kiafrika hawezi kuipita haraka. Mwaka 1562 John Hawkins alisafiri kutoka Uingereza hadi pwani ya Afrika Magharibi, akawachukua Waafrika huko Sierra Leone, akavuka bahari na kuwauza katika kisiwa cha Hispaniola. Safari ya pili ilimpatia faida kubwa. Mwaka 1565 alipewa nembo. Juu ya ngao na kofia ya chuma, mahali ambapo wengine waliweka simba au ndege, iliwekwa sanamu ya Mwafrika, kuanzia kiunoni hadi kichwani, amefungwa kamba.

Hebu tuufikiri ukurasa huu. Kitabu cha nembo kiliandikwa ili mtu ajulikane jina lake, babu yake na nyumba yake. Katika ukurasa wa Hawkins kuna watu wawili. Mmoja ameandikwa jina, cheo na haki ya kuwarithisha watoto wake alama hii. Wa pili amechorwa kwa uangalifu, lakini hana jina, hana mama, hana kijiji. Naye alikuwa na ukoo, na yamkini alikuwa na chale zilizoujulisha uso wake kwao. Yote hayo hayakuingia. Yeye mwenyewe amekuwa alama ya ukoo wa mtu mwingine.

Hatusemi kwamba Hawkins alifika Kilwa au Lindi. Biashara yake ilikuwa ya upande wa Atlantiki. Utumwa ulioiharibu nchi ya Ruvuma ulikuwa wa Bahari ya Hindi, na wauzaji wake walikuwa wengine, pamoja na watawala wa Kiafrika wenyewe. Lakini jambo ambalo ukurasa ule unatuonyesha lilitokea kotekote. Mtumwa alikuwa mtu aliyeondolewa katika kumbukumbu za kwao, akaandikwa, kama aliandikwa, katika hesabu za mwingine.

4. Nembo zisizo na kitabu

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na mtu akisimama hapo huliona bonde la Ruvuma likitandaa chini yake hadi Msumbiji. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, kati ya milima ya mawe iliyosimama peke yake katika nchi tambarare. Katika eneo hili wamekaa pamoja kwa muda mrefu Wamakonde, Wamakua na Wayao, na watu wengine waliokuja kwa vita, njaa au biashara. Newala ya Matola, mtawala wa Kiyao wa karne ya 19, ilikuwa tayari na watu wa makabila mbalimbali waliotafuta usalama kwake.

Makabila haya matatu yana lugha tatu lakini yanakubaliana katika neno kubwa: ukoo hupita kwa mama. Wamakonde wanauita litawa. Wamakua wanauita nihimo, na kwa wingi mahimo. Wayao wanauita lukosyo. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba humlea na kumpenda, lakini msemaji wake katika mashauri makubwa ni mjomba, na urithi wa cheo kwa desturi ulikwenda kwa mtoto wa dada. Hapa basi mambo ni kinyume cha kitabu cha Uingereza. Huko nyumba ilihesabiwa kuwa hatarini ilipokosa mwana wa kiume. Huku ukoo ulihesabiwa kuwa umekwisha ulipokosa binti.

Jina la ukoo lilikuwa na kazi tatu. Kwanza, lilizuia ndoa: watu wa nihimo moja hawakuoana, hata kama mmoja amezaliwa Masasi na mwingine ng'ambo ya Ruvuma. Pili, lilimpa mgeni mahali pa kulala. Msafiri alipoulizwa ukoo wake na kujibu, mwenyeji wa ukoo huo alimpokea kama ndugu, ingawa hawakuwahi kuonana. Tatu, lilibeba historia. Wamakua huutaja mlima Namuli, ulio Msumbiji, kuwa ndiko watu walikotoka. Wayao huutaja mlima Yao, mlima wa majani usio na miti, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa, na majina ya sehemu zao kadhaa yanatokana na milima waliyokaa baada ya kutawanyika.

Kumbukumbu hii haikuwa na ofisi, lakini ilikuwa na nidhamu. Ilifundishwa jandoni na unyagoni, ilitajwa misibani na katika mapatano ya ndoa, na aliyedanganya ukoo wake alihatarisha kumwoa dada yake. Adhabu hiyo ilitosha kuwafanya watu wasiseme ovyo.

Sambamba na jina kulikuwa na alama za mwili. Wamakonde waliziita dinembo. Fundi alichanja ngozi kwa kisu kidogo, akasugua unga wa makaa katika jeraha, na kovu likapona likiwa na rangi ya buluu iliyokoza. Usoni zilichorwa hasa pembe na mistari iliyovunjika, safu juu ya safu. Tumboni na mgongoni kulikuwa na michoro mingine. Kazi iliumiza sana, na aliyeivumilia alionyesha kwamba amekuwa mtu mzima. Wamakua na Wayao pia walikuwa na chale zao, na wanawake wa nchi hiyo walijulikana kwa ndonya katika mdomo wa juu.

Hata hivyo hatuna budi kutofautisha. Dinembo hazikuwa ngao ya ukoo kwa maana ya Kiingereza. Zilimtambulisha mtu kuwa Mmakonde, zilionyesha ujasiri wake na mkono wa fundi wake; litawa lake lilijulikana kwa kutamkwa. Mwingereza aliweka yote mawili katika ngao moja, alama na nasaba. Mmakonde aliyatenga: alama katika ngozi, nasaba katika ulimi. Wala hakuna afisa aliyeweza kuja na kuifuta alama ile, na mwenye nayo hakuweza kuiuza.

5. Waliofika bila ukoo

Mwaka 1873 Sultani Barghash alilifunga soko la watumwa la Unguja, na mahali pake, Mkunazini, UMCA ilianza kujenga kanisa lake kuu. Watumwa waliookolewa baharini waliletwa kwa wamisionari, wengi wao wakiwa watoto. Wengi walikuwa wametekwa katika nchi za kusini, kati ya Ruvuma na Ziwa Nyasa, wakapitia Kilwa. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watu hao walioachwa huru kutoka Unguja hadi Lindi, na kutoka Lindi kwenda bara. Nia ilikuwa kufika karibu na Ziwa Nyasa, lakini walikaa Masasi, nao wakawa watu wa kwanza wa misheni ile.

Tuione hali yao. Walikuwa wanarudi karibu na kwao, lakini wengi wao waliondoka wakiwa wadogo mno kujua mengi. Walikuwa na jina la ubatizo na lugha ya Kiswahili. Jirani Mmakua alipouliza nihimo, wengine walikuwa na jibu, na wengine hawakuwa nalo. Katika nchi ambako jina la ukoo lilikuwa ndilo hati ya kusafiria, asiye na jina hilo alikuwa mgeni hata katika nchi ya mama yake. Kanisa likawa, kwa namna fulani, ukoo wao mpya. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi, wakaua na kuteka, na watu wa misheni wakatawanyika. Baadaye Chauncy Maples alihamia Newala kwa Matola. Hivyo hata ukoo huu mpya ulijua mapema maana ya kutekwa.

Mmoja wa watu wa namna hii alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni, akasomeshwa na misheni, akapelekwa Chitangali kwa mtawala Nakaam, na mwaka 1890 akawekwa wakfu kuwa padri wa kwanza Mwafrika wa UMCA. Habari zake hukumbukwa kwa sababu ya cheo hicho. Sisi tunaona na jambo la pili: mtu ambaye utumwa ulimtoa katika hesabu za kwao ndiye aliyerudi akiwa na kalamu na kuwaandika wengine katika kitabu cha ubatizo.

6. Kalamu inapofika

Baada ya hapo vitabu viliongezeka. Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi hudai orodha. Maakida na majumbe waliandika wenye nyumba, nao wenye nyumba walihesabiwa kuwa wanaume. Shule iliandika mwanafunzi kwa jina lake na la baba yake. Kitabu cha ubatizo kwa kawaida kiliandika jina jipya, wazazi, wadhamini na tarehe. Katika vitabu vyote hivi hapakuwa na safu ya litawa wala nihimo. Hakuna aliyekusudia kuzifuta koo za akina mama. Hazikuwa na mahali katika karatasi tu. Kizazi kwa kizazi jina la baba, ambalo zamani halikuwa jina la ukoo, likawa jina la familia.

Walikuwapo walioona thamani ya kumbukumbu za zamani. Mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni ya Masasi kuchomwa moto katika Vita vya Maji Maji, Profesa Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipita Masasi, Newala na Mahuta. Alipiga picha za chale na ndonya, akanasa nyimbo kwa mashine ya sauti, akawapa watu penseli wachore walivyotaka, na mwaka 1908 akachapisha kitabu chake. Kazi yake inatufaa hadi leo. Lakini ifananishwe na ziara ya afisa wa nembo: Weule naye alizunguka, akaita, akauliza, akachora, akaondoka na daftari. Tofauti kubwa ni kwamba Mwingereza aliyechorewa ngao yake alijua kuwa jina lake litakuwa kando ya mchoro. Katika picha za Weule nyuso nyingi zina chale zinazoonekana wazi, na watu wenyewe hawana majina.

Kazi ya pili ilitoka ndani. Yohanna Abdallah, padri Myao wa UMCA huko Unangu, ng'ambo ya Ruvuma, aliandika habari za watu wake kwa Kiyao, na kitabu chake, Chiikala cha Wayao, kilichapishwa Zomba mwaka 1919. Abdallah aliandika milima, uhamisho na vita kwa lugha ambayo wazee wake waliweza kuisikia ikisomwa na kusahihisha. Kwa maoni yetu huu ndio mfano bora wa kuandika koo: mwandishi awe na deni kwa wale anaowaandika.

Kanisa la Masasi lenyewe halikuishi mbali na mambo haya. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alijulikana kwa kuliingiza jando katika maisha ya Kikristo badala ya kulipiga marufuku. Kwa njia hiyo mahali pamoja ambapo vijana walifundishwa habari za watu wao palihifadhiwa, ingawa pakiwa na sura mpya. Dinembo hazikupata mlinzi wa namna hiyo. Vijana waliokwenda kufanya kazi pwani waliona haya kuchekwa kwa ajili ya nyuso zao, na desturi ikafifia katika karne ya 20. Huko Msumbiji chama cha FRELIMO nacho kiliipinga, kikitaka watu wawe taifa moja.

7. Wasioonekana kitabuni

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mambo ya kale. Sivyo. Katika enzi ya ukoloni Wamakonde, wengi wao kutoka Msumbiji, walikwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani. Wakazaa watoto na wajukuu huko, hasa Kwale. Baada ya uhuru vizazi hivyo vilikaa bila vitambulisho vya taifa, kwa kuwa jina la watu wao halikuwa katika hesabu ya makabila ya nchi. Asiye na kitambulisho hakuweza kufungua akaunti ya benki, kumiliki ardhi kwa hati wala kupata kazi ya serikali. Mwezi wa Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, naye akaamuru waandikishwe. Mwanzoni mwa mwaka 2017 walipewa vitambulisho, na wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Wasomaji wetu watakumbuka habari ya Ezra, sura ya pili, ya wale waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta majina yao katika orodha ya nasaba, wasiyaone, nao wakaondolewa katika ukuhani. Waingereza walioandikwa kuwa si waungwana, watu wa Masasi waliokosa jibu la nihimo, na Wamakonde wa Kwale wamesimama mahali pamoja na watu hao. Katika kila habari hizi mtu yupo, amesimama mbele ya karani, anaonekana kwa macho. Na bado haonekani kitabuni.

8. Hitimisho

Kutokana na hayo tunaona mambo matatu.

Kwanza, kitabu cha nasaba huhifadhi na pia hufunga mlango. Vitabu vya nembo vya Uingereza vimehifadhi majina ambayo pasipo hivyo yangepotea, na kila mwanahistoria wa nchi ile huvishukuru. Lakini viliandikwa ili kutenga, na katika ukurasa mmoja vilimchora Mwafrika aliyefungwa kamba kuwa pambo la nyumba ya aliyemuuza. Anayeandika koo za Masasi na Newala leo ajiulize mapema kitabu chake kitamwacha nani nje.

Pili, kumbukumbu ya litawa, nihimo na lukosyo bado ipo, lakini wanaoijua vizuri ni wazee. Kazi ya kuiandika haihitaji fedha nyingi. Usharika au shule yaweza kuwa na daftari ambalo ndani yake kila familia inayopenda huandika jina la ukoo wa mama, mahali ulikotoka, na mzee aliyetoa habari. Jina la mtoa habari liandikwe daima, ili lisitokee tena kosa la kuwa na uso bila jina. Na daftari lisomwe mbele ya wazee kabla halijafungwa, kama ambavyo habari za Abdallah ziliweza kusomwa kwa lugha yao.

Tatu, neno "inayopenda" tumelitumia kwa uangalifu. Katika nchi hii wamo wajukuu wa watu walioletwa bila ukoo, na familia nyingi zilichagua kunyamaza ili watoto wao wasiitwe watumwa. Ukimya huo ulikuwa ulinzi. Mtafiti asiuvunje kwa sababu ya hamu ya kujaza safu. Aliyejiunga na ukoo kwa kupokewa ni wa ukoo huo, na mahali pake kitabuni ni pale pale wanapokaa wengine. Hata nasaba ya Mathayo sura ya kwanza haikuona haya kuwataja Rahabu na Ruthu, wanawake waliotoka nje.

Nembo ya taifa letu imeiweka ngao mikononi mwa mwanamume na mwanamke pamoja. Chini ya miguu ya mmoja kuna mkarafuu na chini ya mwingine kuna mpamba. Waliolelewa Newala wataona kwamba jambo hilo si geni kwao, kwani daima walijua kwamba mwanamume aweza kulinda nyumba, lakini jina la nyumba hutoka kwa mama. Jina hilo liandikwe sasa, wakati wapo wazee wa kulisahihisha.